Dawa ya Mkono wa Kushoto

Utotoni mwangu, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, mkono wangu wa kushoto ulikuwa na makatazo yake. Nilizaliwa nikiutumia huo, na Nyanya, aliyekuwa akitulea Mama akiwa kazini bandarini Kilindini, aliamini kwamba dawa iliyotengenezwa kwa kushoto haimponyi mtu. Hata tangawizi ya mwenye mafua sikuruhusiwa kukoroga.

Asubuhi moja ndugu yangu mdogo, Badi, alishikwa na homa, kifua kikambana. Nyanya akampeleka kwa daktari, wakarudi na chupa ya dawa ya unga, ya kuchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji aliyachemsha mwenyewe. Lakini alipoishika chupa, kwa macho yake ya uzee ule mstari wa kuonyesha maji yafike wapi hakuuona kabisa.

"Zuhura, tia wewe. Kwa mkono wa kulia, mwanangu."

Nikatii. Birika likayumba, maji yakamwagika mezani. Chupa ilikuwa hiyo moja tu, na maji yakizidi, dawa ingepungua nguvu. Pale mkekani Badi alikuwa akihema kwa shida.

"Nyanya, kwa huu nitaiharibu."

Alimtazama Badi, kisha akanitazama mimi.

"Haya. Sema Bismillahi, utie kwa huo wako."

Niligonga chupa ili unga uachane, nikatia maji kidogo, nikatikisa, nikangoja povu litulie, kisha nikaongeza hadi mstarini. Halikuzidi hata tone.

Tangu hapo kutikisa chupa na kupima kijiko ikawa kazi yangu mpaka dawa ilipokwisha. Homa ilishuka, na Badi akaamka akidai mahamri. Jirani yetu Bi Khadija alipokuja kumjulia hali, Nyanya alinivuta mbele yake.

"Dawa ameitia huyu. Tena kwa kushoto!"

"Mashallah," Bi Khadija akasema, nami nikajihisi nimerefuka.

Nyanya hakuiacha imani yake. Binamu yangu mmoja, aliyetumia kushoto kama mimi, aliendelea kukatazwa. Kwa miaka mingi nilidhani siku ile nilimshinda. Sasa nina watoto wangu, nami naona kwamba kazi ngumu aliifanya yeye. Mimi nilitumia tu mkono niliouzoea. Yeye, mjukuu wake akiwa hoi, aliweka kando jambo aliloliamini maisha yake yote, akaniamini mimi. Najivunia dawa ile. Najivunia zaidi kuwa mjukuu wake.