Bahari Niliyoifuta

Enzi zetu, sisi watoto wa Kitengela tuliletewa bahari kwa basi. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamishiwa Kilifi, na nauli ya kutupeleka sote huko haikuwapo. Basi akabeba redio kaseti yake hadi ufuoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha akampa dereva wa basi ile kaseti ikiwa ndani ya soksi. Mama aliifuata Athi River.

Tulianika betri za redio ya nyumbani juani zipate nguvu, tukakaa sakafuni mimi na dadangu Nekesa, ambao maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Ikaja sauti ya baba: "Nyamazeni, msikilize." Kisha mawimbi, yakija na kurudi, kunguru wakizozana, upepo minazini. Nekesa aliuliza kama maji yale hayachoki. Tuliisikiliza kila siku baada ya shule, hadi tukajua ni wapi baba atakohoa. Mwishoni alituambia tumjibu upande wa pili, naye asikie nyumbani.

Nyinyi wa siku hizi hamjui kwamba kaseti ilikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivunja kimoja, upande ule haurekodiki tena. Ukijuta, unajaza karatasi kitunduni na mambo yanaendelea. Baba alikuwa amevunja jino la upande wake ili bahari isiguswe. Mimi, mjuaji wa darasa la tano, nilipoona kitufe kimekataa kushuka, sikufikiria kugeuza kaseti. Nilirarua daftari la hesabu, nikajaza.

Tukarekodi upepo kwenye migunga, kengele za ng'ombe wakirudi bomani, na pundamilia waliokuwa wakila nyasi hadi karibu na ua wetu. Mama Nashipae, jirani aliyetuletea maziwa, alisogea karibu na redio kama anayenong'onezwa siri. "Supa, mwalimu," akamsalimu baba kwa Kimaasai. "Mvua imekataa huku, lakini watoto wako sawa. Ukirudi usiniletee samaki."

Kabla ya kuituma nilitaka kuisikia bahari mara ya mwisho. Nikatusikia sisi. Nikairudisha kaseti kwenye soksi, mama akaipeleka. Baba aliandika kwamba ameipata na anaisikiliza kila jioni. Hakutaja bahari. Nami sikukiri, hata nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu. Redio yake iliharibika mwaka uleule, hakurekodi tena. Sauti ya baba yangu akiwa kijana niliifuta kwa mkono wangu.

Tulimzika mwaka jana. Ndani ya sanduku lake tuliikuta ile soksi, na kaseti ikiwa na karatasi yangu bado kitunduni, mstari mwekundu wa daftari ukionekana. Kumbe alijua miaka yote hiyo. Binti yangu, ambaye simu yake imejaa video asizozitazama mara mbili, alinishangaa nikizunguka mji mzima nikitafuta redio ya kaseti. "Mathe, si utafute tu sauti ya bahari kwa simu? Ziko mob, hata huwezi kuzimaliza."

Fundi mmoja aliniazima redio. Nilikaa sakafuni kama zamani. Upepo ukavuma, kengele zikalia, Mama Nashipae akakataa samaki wake, naye sasa hayupo. Nilifungua dirisha nilinganishe: mashine ya kuchanganya zege, bodaboda, vipaza sauti vya makanisa mawili yakishindana. Migunga ile imekuwa ghorofa, na pundamilia mtoto wangu humwona kwenye kalenda. Nililia, kwa sababu baba alikuwa amenitunzia nyumbani kwetu bila mimi kujua.

Nilikuwa karibu kuizima wakati rekodi yetu ilipokatika. Siku ile hatukuwa tumefika mwisho wa utepe. Likaja wimbi moja, likarudi. Kunguru. Kikohozi nilichokijua. Kisha baba, akiwa mdogo kuliko nilivyo leo: "Hiyo ndiyo bahari, wanangu. Sasa na mimi nisikie nyumbani."