Kompyuta Zilizofungiwa Stoo

Mnisamehe kwa makosa ya tahajia na kwa mwandiko huu mkubwa unaomaliza karatasi haraka. Niliishia darasa la nane, na naandika polepole. Herufi kubwa nilizizoea kwa sababu ya dada yangu mdogo.

Macho yake hayaoni vizuri. Ubaoni aliona weupe wa chaki tu. Kitabu alikisogeza hadi puani, watoto wakamwita Mnusa Vitabu. Miwani tuliyoitafuta hadi Migori mjini haikumsaidia.

Kisha shule yetu hapa Sindo ikaletewa kompyuta ndogo za bei nafuu, za watoto wa darasa la kwanza. Siku ya kwanza mwalimu alizikuza herufi mpaka neno moja likajaa kioo. Dada akasoma, "Samaki." Akasoma tena kwa sauti, kama anayemwita mtu aliye ziwani. Jioni alitusimulia mpaka mama akamwambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "kula kwanza."

Wiki hiyohiyo mlango wa ofisi ya shule ukavunjwa. Mwizi hakupata kitu, lakini wazazi waliitwa mkutanoni. Mimi nilimsindikiza mama, nikakaa nyuma kabisa.

"Watoto waende nazo nyumbani," mama mmoja akasema.

"Nyumbani?" Muuza sukari akacheka. "Kesho zitakuwa Isebania, zinavuka mpaka!"

"Basi akina baba walinde shule kwa zamu."

"Mimi usiku niko ziwani na taa," mvuvi wa dagaa akajibu. "Niache omena nilinde kompyuta? Kwani hizo zinaliwa na ugali?"

Watu wakacheka sana. Mwenyekiti, tunayemwita jakom, akasema zifungiwe stoo mpaka shule ipate mlinzi.

Mama akasimama. "Jakom, naomba moja tu ibaki darasani, ya msichana wangu. Bila hiyo hasomi."

"Mama, tunakuhurumia. Lakini akipewa wako, wangu nitamwambia nini? Ni wote au hakuna."

Mikono ikainuliwa kukubali zifungiwe. Hata jirani zetu waliinua, huku wakiangalia chini.

Mlinzi hajapatikana mpaka leo. Mwaka jana stoo ilifunguliwa, mwalimu akajaribu kuwasha moja. Haikuwaka. Akajaribu nyingine, kisha akafunga tena.

Dada alirudia darasa la pili, halafu akaacha shule. Sasa anaanika omena ufukweni na kuchambua uchafu kwa vidole. Jioni mimi humwandikia maneno kwa mkaa juu ya katoni, kila herufi kama sahani. Zamani alikuwa akizisoma zote. Siku hizi huniambia nisipoteze mkaa, wa kupikia hautoshi.

Wewe unayesoma, kama kwenu watoto wanazitumia kompyuta hizo, au kama nazo zimefungiwa, niandikie. Andika kwa herufi kubwa, hata kama ni maneno matatu. Nitampa asome mwenyewe, akikubali.