Nukta ya Dar es Salaam

Natengeneza tovuti, peke yangu, katika chumba cha kupanga Nyakato, mjini kwetu kando ya ziwa. Wateja wangu ni wenye maduka na nyumba za wageni, na mengi tunayamaliza kwa ujumbe wa simu. Kuna siku neno la kwanza kunitoka mdomoni ni la kuagiza wali kwa mama ntilie mchana, na sauti inatoka imekauka kama ya mgonjwa.

Wenzangu ni vifaa vya bure vya mtandaoni. Kimoja kinapunguza uzito wa picha, ili tovuti isimalize bando la mtu. Kingine kinachagua rangi zinazoendana. Hicho nakiheshimu, maana kila mteja wangu anataka nyekundu. Kipo cha kukagua maandishi, ambacho hakijui Kiswahili hata salamu, kwa hiyo kila ninachoandika kinakipigia mstari. Nilichokipenda kuliko vyote ni cha kuhesabu wasomaji. Kinakuonyesha ramani, na kila anayefungua ukurasa wako anatokea kama nukta ya bluu mahali alipo.

Blogu yangu niliianza baada ya mama kufariki. Niliandika alivyobanika sato, alivyogombana na wauza dagaa, alivyokataa katakata kutoka kwake Buzuruga alipougua. Hilo la mwisho ndilo lililotutenganisha mimi na dada yangu. Yeye ndiye mkubwa, anaishi Dar es Salaam, na alitaka mama apelekwe huko kutibiwa. Mama alisema haendi, nami nikamsikiliza mama. Kwenye matanga dada akatamka mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Akaondoka na basi la alfajiri bila kuniaga, na tangu hapo hatukuongea.

Basi elewa nilivyoruka nukta ilipotokea Dar. Ilikuwa moja tu. Kifaa nilikuwa nimekiamuru kisiihesabu simu yangu, kwa hiyo sikuwa mimi. Kila nikiweka habari mpya, nukta inarudi palepale. Nani mwingine Dar angejali namna mama yangu alivyofunga kitambaa kichwani? Nikaanza kumwandikia yeye hasa, bila kumtaja. Nikaeleza mama alivyomuulizia siku zake za mwisho. Nikaeleza kwamba nyumba ya mama imekuwa kimya mno na kwamba namkosa mtu wa kucheka naye mambo ya kwetu. Nukta ikaja. Nikasema amesoma, amenisamehe, anaona haya tu kupiga kwanza. Miezi ikapita nikiishi hivyo, na dada yangu akiwa kwenye ramani.

Aliyenizindua ni mteja, fundi cherehani wa Nyamagana anayeshona sare za shule. Nilikuwa namwonyesha wasomaji wa tovuti yake, tena kwa kujisifu.

"Mbona wote wako Dar?" akauliza.

"Ndio hao, mama. Unasomwa mbali."

"Mwanangu, watu wa Dar sare za shule za huku wazitakie nini? Na huyu wa sasa hivi ni wifi yangu. Si yule pale anapiga pasi? Nimemwambia afungue tuone."

Nikacheka naye. Nilipotoka nje nikakiruhusu kifaa kiihesabu simu yangu, nikafungua blogu yangu nimesimama mlangoni kwake. Nukta ikatokea Dar es Salaam. Kumbe simu zetu huingia mtandaoni kupitia mitambo ya huko, na ramani haijui zaidi ya hapo. Msomaji wangu angeweza kuwa Geita, Bukoba, au jirani ninayepakana naye ukuta.

Nilitembea mpaka ziwani, nikakaa juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wakifua na kutaniana, na hakuna aliyekuwa na shida na mimi. Niliona uchungu, nikajionea na huruma. Nikashika simu niifute blogu yote. Badala yake nikatafuta namba ya dada, ambayo sikuwahi kuifuta, nikapiga kabla sijaanza kujishauri. Ikaita sana, halafu ikapokelewa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba!" akaitikia, kwa uchangamfu kabisa. Nyuma yake redio ilikuwa inaimba. "Nani mwenzangu?"