Ukurasa Nilioruka Lupiro

Safari hii nilipaswa kuifanya miaka sita iliyopita. Nimeifanya Februari hii kwa sababu Padre Gaspari amekufa, na kwa sababu sista aliyemuuguza aliniambia jambo ambalo tangu siku hiyo limeninyima raha. Naisimulia kwenu nyumbani Morogoro, hasa ninyi mlionipigia makofi siku ya kuzindua kitabu cha barua zake. Mjue mlimpigia makofi nani.

Kwa wasiomjua, Padre Gaspari alikuwa padre, mtaalamu wa mimea, tena mwanafalsafa. Kwao ni Mbinga, lakini nusu ya maisha yake aliishi Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, akichunguza majani ya bondeni, yale yanayoota maji yakipanda na kupotea yakishuka. Katika barua zake jani na Mungu hukaa ukurasa mmoja bila kugombana. Aliandika kwamba mwenye haraka hawezi kumwona Mungu, kwa sababu hata nyasi yeye hazioni. Barua nzuri kuliko zote alimwandikia Bibi Auleria wa Lupiro, mjane wa Deodatusi, mtu aliyempigia Padre kasia miaka mingi na kumtajia kila jani kwa Kindamba. Deodatusi alikufa maji.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Bibi Auleria hajui kusoma. Barua zilizokuja baada ya mumewe kufa na Padre kuondoka Lupiro alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga bila kuzifungua, maana hakutaka mambo yake yasomwe na kila jirani. Mimi nafundisha falsafa chuoni, na mara ya kwanza nilifika kwake na karatasi ya utambulisho ya parokia. Akaona huyu ni mtu mzima, ni mwalimu, akazitoa zote akaniomba nimsomee. Sote tuliokulia vijijini tunaijua kazi hiyo. Ukikabidhiwa barua ya mtu usome, huongezi wala hupunguzi, hata kama ni habari ya msiba. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne nikiwasomea wazee wa kwetu, na sikuwahi kuruka neno. Niliruka nikiwa na shahada tatu.

Ilikuwa barua ya nne. Macho yalitangulia mdomo, nikaona Padre anakiri jambo kuhusu kifo cha Deodatusi. Nikapitisha ukurasa mzima, nikaendelea na habari za mvua na sala kana kwamba hakuna kitu. Niliogopa Bibi akikasirika ataninyima barua, na kitabu changu kitaharibika kabla hakijaandikwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Hakuna kingine?"

"Hakuna, Bibi."

Akasema, "Basi zichukue zote. Sina kazi nazo." Nami nikazichukua, tena kwa furaha.

Kitabu kilipotoka, bila ukurasa ule, nilikipeleka Mbinga, kwenye nyumba ya mapadre wazee, ambako Padre alikuwa amelala, miguu imeshamkataa. Hakukifungua kwanza. Aliniuliza, "Auleria amesemaje?" Nikamjibu, "Anakusalimu sana, Padre." Mwaka huu, siku ya mazishi, sista akaniambia kwamba kila barua zilipoletwa pale nyumbani Padre aliuliza kama kuna ya kutoka Lupiro. Aliuliza hivyo mpaka wiki aliyokufa.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Morogoro kwa basi la Ifakara. Barua zilikuwa kwenye bahasha ya kaki mapajani, sikuthubutu kuziweka juu na mizigo. Mikumi tulikunja kushoto. Kidatu walipanda wafanyakazi wa shamba la miwa wanaokwenda kusalimia ndugu, wakajaza basi maneno na vicheko, mmoja akanipa kipande cha muwa bila kuniuliza jina. Nilikipokea, nikawa nakishika tu. Kuanzia Mang'ula milima ya Udzungwa inakufuata upande wa kulia, na chini yake mashamba ya mpunga yamefika mpaka ukingoni mwa barabara. Nimeipita njia hii mara nyingi nikiisifia. Safari hii nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Bibi, nayafuta, natunga mengine, na yote yalikuwa yananitetea.

Saa tisa alasiri nilishuka Ifakara. Sikutaka kufika Lupiro mikono mitupu, nikaingia duka la vitambaa la Bwana Seifu, mzee ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na kufungua duka hapohapo. Nikamwambia nataka kitenge cha mama mtu mzima. Alinitazama akitabasamu.

"Wewe si ndiye mwalimu wa kile kitabu cha Padre?"

"Ndimi."

"Karibu ukae. Padre yule alikuwa mteja wangu, unajua? Ananunua magazeti ya zamani. Nikamuuliza, Padre, habari za mwaka juzi unazitakia nini? Akasema, nakaushia majani. Basi nikawa namwekea fungu lake pembeni." Alicheka, akafuta miwani. "Mimi Mwislamu, lakini kitabu nilikisoma chote. Mtu mkweli yule. Na wewe umefanya la heri kutuletea maneno yake kama yalivyo. Mungu akulipe."

Niliitikia amina. Kama angenitukana ningejua pa kuangalia. Nilichukua kitenge changu, nikaaga haraka kama mtu aliyeiba, na kwenye nyumba ya wageni sikula.

Jumamosi asubuhi nilikodi bodaboda. Daraja siku hizi linakuvusha kabla hujamaliza kuwaza, na mimi nilitamani ningekuwa na ile foleni ya zamani ya kivuko, nipate muda. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo ni mpunga kulia na kushoto, na wanaume wenye baiskeli zilizofungwa matenga ya samaki wanaokuja mjini. Kijana wa bodaboda akauliza kama naenda kwenye harusi, maana ameona kitenge. Nikamwambia hapana, naenda kusoma barua. Akaona namtania.

Lupiro nilimkuta Bibi Auleria nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka na mjukuu wake, Leokadia, binti mkubwa anayefundisha chekechea hapo kijijini. Walikuwa wanapepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Umenenepa." Alipokea kitenge, akakiweka kando bila kukikunjua. "Padre amekufa, nimesikia. Jumuiya walikuja hapa tumsalie. Niliwaambia mguu unauma."

"Mguu ulikuwa unauma?"

"Haukuuma," alisema.

Nikamwambia nimezirudisha barua, na kwamba mojawapo sikuisoma yote. Nilitazama chini nikisema hivyo. Leokadia akaacha ungo. Bibi hakuniuliza kwa nini, alisema tu, "Soma sasa." Halafu akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe kaa karibu, utazame karatasi anaposoma."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Mwalimu wa chuo nimewekewa msimamizi, na nilistahili. Nilisoma, Leokadia akifuata mistari kwa kidole:

"Auleria, siku ile Deo hakwenda kuvua. Nilikuwa nimeona jani likichanua ng'ambo, jani ambalo sikuwahi kuliona na ua lake. Nilisema maji yamepanda mno, twende wiki ijayo. Deo akasema wiki ijayo ua litakuwa limeanguka, ngoja nikakuletee. Mimi nikanyamaza. Nilijua hatari, na nililitaka lile ua. Watu waliposema alikwenda kuvua, nikanyamaza tena, na katika misa ya mazishi yake nikahubiri juu ya hatari za uvuvi. Nimeandika mengi juu ya ukweli, na mbele yako sijawahi kuusema. Naomba unisamehe. Ukikataa, niandikie hivyo pia, nitaipokea."

Nikamaliza. Kuku walikuja kwenye mchele, na Leokadia hakuwafukuza.

"Nilijua," Bibi alisema. "Deo aliniaga pale mlangoni. Alisema nakwenda kumchukulia Padre jani lake. Na nyavu zake zilikuwa zinaning'inia hapo ukutani siku nzima. Ningemwambia nani? Padre anahubiri uvuvi, mimi nisimame kanisani nimkatalie?" Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Barua zilipokuja nikasema humo ndimo atakamosema. Nikaogopa kuzifungua, nisije nikakuta hakusema. Wewe ulipokuja nikajipa moyo. Ukasoma zote, ukasema hakuna kingine. Basi nikajua ndivyo alivyo, mtu wa kuandika mambo ya mvua."

Jamani, sikuwa na pa kuuweka uso. Miaka yote hii nilijifariji kwamba nilimkinga mama mzee na habari ya uchungu. Habari aliijua siku ileile kabla ya mtu yeyote. Nilichomnyima ni ombi, na Padre nikamnyima jibu. Mmoja alikuwa kitandani Mbinga akiulizia barua, mwingine yuko hapa Lupiro akimchukia kwa haki, na katikati yao nimesimama mimi na kitabu changu chenye jalada la kijani.

"Ungemsamehe?" nilimuuliza.

"Ningemsamehe siku hiyohiyo. Ungeniandikia barua nikakuambia cha kuandika. Kesho nitaenda kanisani, nimwombee. Amechelewa kuombewa."

Hapo ndipo nilipoanza kujieleza. Nilizungumza muda mrefu. Nilisema juu ya kitabu, juu ya heshima ya Padre, juu ya vijana wanaohitaji mfano mwema, juu ya ujana wangu wa wakati ule, ingawa nilikuwa na miaka arobaini na moja. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusikia, Mwalimu," akaniambia nile. Tulikula wali kwa kambale. Nililala kwao, na kesho yake tukaenda misa ya kwanza, nikamwona amepiga magoti mpaka watu wametoka. Niliwaaga nikijiona mwepesi. Nilidhani mambo yamekwisha.

Jumapili saa tano nilikuwa kwenye basi la kurudi. Nilitoa daftari nianze kuandika masimulizi haya, na kwa kuwa ni kazi yangu, nikajaribu kukumbuka kila neno tulilosema. Yake yalikuwa machache. Yangu yalijaza ukurasa na nusu, nikayasoma. Basi liliposimama kijiji cha Kisawasawa kupakia mikungu ya ndizi, nikayasoma tena, nikatafuta sentensi moja tu, nisiione. Nilikuwa nimesema sababu zote duniani. Sikuwa nimesema naomba unisamehe. Padre aliyekuwa amekufa aliisema, mimi niliyeisoma kwa sauti yangu mwenyewe sikuiona kama inanihusu.

Nikashuka. Kondakta akaniambia nauli hairudi, nikamwambia najua. Nilikaa Kisawasawa kwenye benchi la muuza vocha zaidi ya saa nzima mpaka nikapata gari la kunirudisha Ifakara, na saa kumi hivi bodaboda ikanishusha tena nyuma ya nyumba ileile.

Bibi Auleria alikuwa anachambua mawe kwenye mchele. "Umesahau kitu?"

"Ndiyo, Bibi. Jana nilieleza, sikuomba. Nilikudanganya wewe hapa, nikamdanganya na Padre kule, akafa na salamu ya uongo. Naomba unisamehe."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Padre aliomba," alisema, "akangoja jibu langu mpaka akafa. Wewe umeomba leo. Unataka jibu leo?"

Nilichuchumaa kando ya mkeka.

"Tukivuna, uje. Nitakuambia."

"Na ukikataa?"

"Nitakuambia hivyo pia."

Barua nimeziacha Lupiro, ndani ya mkebe wake, na mchapaji nimemwambia asichapishe tena kitabu mpaka ukurasa ule uingie, na maelezo ya aliyeuruka. Wengine mtanicheka, wengine mtaniuliza ilikuwa na haja gani kujianika. Nilichojifunza ni kidogo, na mtoto wa darasa la nne alikijua: barua ya mtu inasomwa yote. Sasa ni mwezi wa tatu. Kule wanaanza kuvuna mwezi wa tano. Simu ikiita naruka, ingawa najua si yeye. Jana nilishindwa kujizuia, nikamwandikia Leokadia kumuuliza mashamba yakoje. Amenijibu kwamba mpunga ndiyo kwanza unachanua.