Chaki ya Karani wa Kwota

Mama Ketsia, muuza maziwa ya ng'ombe hapa Kalemie, humtambua karani wa bandari kwa vidole vyake vyeupe kwa chaki. Kila katoni za maziwa ya unga zinaposhushwa, karani hutoka nje ya biro, yaani ofisi yake, huandika ubaoni kiasi kilichobaki katika kwota ya serikali, kikomo cha katoni zinazoruhusiwa kuingia nchini, kisha hukisoma kwa sauti, kama anayetangaza ndoa kanisani. Jana ilibaki sifuri, na boti ya tajiri mmoja kutoka Kigoma ilikuwa na katoni mia tatu zaidi. Kama zingeshuka hizo, maziwa ya Mama Ketsia yangechacha tena bila mnunuzi.

"Papa, ongeza mia tatu tu," tajiri alinong'ona.

Karani akakohoa, akamnyooshea chaki. "Kuja uandike wewe mwenyewe. Watu wote wanaangalia."

"Andika basi, patron!" wapagazi wakampazia bosi huyo sauti wakicheka.

Tajiri hakuipokea chaki. Saa sita boti iliondoka kurudi Kigoma na katoni zake zote. Saa nane mwenye duka kubwa la sokoni, aliyezoea kuuza ya unga, alibisha hodi kwa Mama Ketsia, akiomba maziwa.

"Panga mustari, Papa," alimjibu. "Wako wanne mbele yako."