Kidirisha Kati ya Choo na Maabara

Tulipopanga upya maabara ya hospitali yetu hapa Karatu ili wagonjwa wasisongamane, wazo la kidirisha kati ya choo na maabara lilikuwa langu. Mgonjwa akishajaza kikopo cha mkojo agonge, nifungue, nipokee.

Siku ya ukaguzi ikawadia. Mganga mfawidhi alifika na wageni wake, nikaanza kuwaeleza jinsi kidirisha kinavyofanya kazi. Mara kidirisha kikagongwa. Nikamshukuru Mungu, nikakifungua mbele ya wote.

Ndani alisimama mama mkwe wangu, aliyetoka Ganako bila kunijulisha, gauni limepandishwa hadi kiunoni, kikopo bado kitupu.

“Nilikuwa napiga hodi tu, baba,” alisema taratibu, “nijue kama upande huo kuna mtu.”