Nasiba Agoma Kuosha

Watu wa Kamembe, mji wa Rwanda kando ya mpaka, walimjua Nasiba kwa mambo mawili: mdomo wake, na mikono yake ya kuosha maiti. Mwanamke Mwislamu akifariki, hata kama ndugu zake waligombana na Nasiba sokoni jana yake, mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wake. Alikuwa akiguna, akiwasema kidogo, kisha akichukua sabuni na kwenda. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na kwa miaka ishirini hakuikataa hata siku moja.

Sasa sikiliza siku aliyoikataa.

Ilikuwa mwisho wa mwaka tisini na sita. Vita vilikuwa vimewaka ng'ambo, Bukavu, na wakimbizi walikuwa wanarudi Rwanda kwa kuvuka mto Rusizi, wengine kwa miguu yao, wengine mgongoni mwa wenzao. Kambi ya kuwapokea ilijaa pomoni, na hapakupita siku bila kifo. Nasiba alikwenda huko kila asubuhi.

Nyuma ya hema la wagonjwa kulitandazwa turubai la bluu. Chini yake walilazwa wale ambao madaktari walishawakatia tamaa. Huko Nasiba alimkuta mwanamke ambaye titi lake lilikuwa limeliwa lote na kidonda. Alilia bila kupumzika, sauti imekauka, hata jina lake hakuweza kulitamka. Kwenye karatasi yake waliandika: hajulikani.

Nasiba alimfuata mwuguzi, Vénuste, kijana wa watu ambaye hakuwa amelala siku tatu.

"Papa, umupatie ule mama sindano ya maumivu."

"Maman Nasiba, mofini imebakia kidogo sana. Ni ya bale benye batapasuliwa, benye batapona. Ule atakufa kesho ao kesho kutwa."

"Kwa hiyo leo yake si siku?"

Vénuste hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na chupa chache na wagonjwa wengi, na aliye hivyo lazima achague. Lakini Nasiba damu ilishamchemka. Aliketi chini palepale mbele ya meza ya dawa, akakunja miguu. Maiti watatu wa kike walikuwa wanangoja kuoshwa, naye akatangaza hatagusa hata mmoja mpaka yule mama apate sindano.

Lahaula! Habari ilifika msikitini kabla ya adhuhuri. Mzee Sultani, mkubwa wa msikiti, alikuja mbio na fimbo yake.

"Binti, unataka kututia dhambini? Maiti haicheleweshwi!"

"Najua, Mzee. Dhambi hiyo niandikie mimi. Nimeosha maiti miaka ishirini, hakuna hata mmoja aliyeniambia maji ni baridi. Hawa wataningoja. Ule hawezi."

Kilio cha yule mama kikatoka chini ya turubai. Mzee akajikongoja, akaketi chini kando ya Nasiba.

Vénuste aliwatazama wote wawili, akavuta dawa kwenye sindano.

"Na kesho akikuja mwingine nikakosa ya kumupa?"

"Utanikuta hapa nimekaa kwa ajili yake," alisema Nasiba.

Haikupita nusu saa, kilio kikakoma. Mwanamke alifumbua macho, akamtazama Nasiba kama mtu aliyetoka mbali.

"Jina yangu Védastine," alisema. "Ya Bugarama. Niko na batoto bane."

Vénuste alirukia kalamu, uso umemng'aa. "Kumbe dawa haikupotea bure! Sasa tutatafuta bantu bake."

"Ingekuwa imepotea kama angelala kimya?" Nasiba alimkaripia. "Koma! Ilikuwa haki yake hata bila jina."

Akakunja mikono ya nguo, akaenda kwa maiti wake watatu. Aliwaosha taratibu, akamwomba kila mmoja radhi kwa kumchelewesha.